PHP au Python? Nimehamisha mfumo wa SACCOS, sasa narudi nyuma nusu, njooni tujadili

#1 fundi_kahama

Wakuu habari za jumapili. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, mwenye chai avute kiti.

Iko hivi. Mwaka 2017 niliitengenezea SACCOS moja ya walimu huku kwetu mfumo mdogo wa hisa, akiba na mikopo. Niliandika PHP tupu (lugha ya programu za wavuti), hamna fremuwaki (mifupa iliyokwishaandaliwa ya kujengea mfumo), mafaili kama arobaini hivi yamejazana kwenye folda moja, mengine yanaitwa mkopo2.php, mkopo2_mpya.php, mkopo2_mpya_kweli.php (msinicheke, na nyie mnayo). Ulikaa miaka yote hiyo kwenye kompyuta ya mezani yenye Windows na XAMPP (furushi la seva ya wavuti Apache, PHP na databesi) pale ofisini kwao na ulikuwa unafanya kazi. Mwaka jana nikaingiwa na aibu. Kila kona watu wanaimba Python, AI ni Python, data ni Python, na mimi bado nahangaika na alama za dola za PHP, basi nikajifungia miezi mitano nikauandika wote upya kwa Python, lugha nyingine ya programu, na Django, fremuwaki yake. Nikawafungia, nikapiga picha, nikaweka stetasi.

Wiki ya kwanza safi, ya pili safi. Mwisho wa mwezi mshahara umetoka walimu wamejaa foleni kurejesha mikopo, mhasibu ananipigia, na yule mama huwa hanipigii akiwa na furaha: "Mwanangu, hii risiti ya mwalimu wa shule ya juu imetoka na marejesho ya watu wengine wanne, huyu anauliza kama amelipa yeye yote." Nikaenda mbio. Nikajaribu mwenyewe, risiti imetoka safi. Nikajaribu tena, safi. Ya tatu ikatoka na majina ya watu. Wakuu nilitoka jasho, hela za watu zile.

Nilikaa pale mpaka saa mbili usiku kupata hii:

`def andaa_risiti(mwanachama, mistari=[]):`

Wanaojua wameshacheka. Kwa asiyejua: ile orodha `[]` Python huiunda mara moja tu, pale inaposoma fanksheni (kipande cha programu unachokiita kwa jina), sio kila unapoiita. Na kwakuwa prosesi (programu ikiwa inakimbia) ya Django haifi mtu akimaliza kuprinti, kila risiti inaongeza mistari yake kwenye orodha ileile. Nilikuwa na prosesi tatu za Gunicorn (programu inayoiendesha Django kwenye seva), kila moja na orodha yake, ndo maana ukijaribu unaweza kuangukia ambayo bado ni safi. Kompyuta wanaizima jioni kwaiyo kila asubuhi inaamka haina hatia. Na mimi nilipokuwa natest nyumbani nilitumia runserver, seva ya majaribio ya Django, ambayo inajiwasha upya kila nikisevu faili, kwaiyo sikuwahi kuiona hata siku moja.

Sasa hoja yangu ni hii. Mabishano ya PHP na Python mitandaoni huwa ni dola na semikoloni na nafasi za mwanzo wa mstari. Hayo utayazoea ndani ya wiki mbili. Tofauti iliyonipiga mimi ni kwamba PHP ya kawaida ni kibarua wa siku: anakuja, anafanya ulichomwambia, anaondoka, kesho hakumbuki hata jina lako. Python ya wavuti ni mwajiriwa. Anakaa, anakumbuka, na akiweka uchafu kwenye droo utaukuta kesho. Lile kosa langu kwenye PHP lisingetokea, hata ningeandika nimelala.

Je nyie mmeliona hili? Na kwa ofisi ndogo kama hizi zetu mnatumia ipi na kwanini? Nawasilisha.

#2 dada_terminali

Kaka pole, ila usiisingizie lugha. Huo mtego upo kwenye kila somo la Python la mwezi wa kwanza, unaandika `mistari=None` halafu ndani unaunda orodha mpya, kwisha. Ruff au Pylint (vikagua makosa vya Python) ingekupigia kelele kabla hujamaliza chai. Uliruka hatua ukakimbilia Django.

Ila hiyo ya kibarua na mwajiriwa nimeipenda, naiba.

#3 fundi_kahama

Dada nakubali niliruka hatua, sibishi. Lakini angalia: kosa la kitoto namna ile kwenye PHP lingekufa na rikwesti yake (ombi la mtu mmoja kufungua ukurasa). Hapa limekaa kwenye memori linasubiri mwisho wa mwezi.

#4 mwana_eldoret

Maze hii nimeisoma yote nikiwa kwa matatu na nimepitisha stage yangu. Mi natumia zote mbili. Client wa kawaida huku, labda shule ama kanisa ama mtu wa hardware, huyo ashanunua hosti ya kushea yenye cPanel kitambo, na hiyo pesa ndio amepanga kutumia, haongezi. PHP unarusha mafaili na FTP unaenda nyumbani. Python kwa hosti kama hizo unaweza pata mahali imeandikwa "Setup Python App" ukafurahi, halafu toleo ni la zamani, na ukibadilisha kitu lazima urestart, na memori wamekupimia kama sukari. So mwishowe unamwambia client anunue VPS (seva ya kukodi ya kwake peke yake), na ukishamwambia VPS sasa wewe ndio msimamizi wa seva: Nginx (programu ya seva ya wavuti) wewe, cheti cha SSL wewe, apdeti wewe, na saa nane usiku ikizima ni wewe.

Si lugha mbaya, ni vile iko na mizigo. Mi huweka hiyo mizigo kwa bei kabisa.

#5 mgeni_wa_kodi

Samahanini wakubwa, mimi ndo naanza. Kwanza nini maana ya chanzo huria hapa, yani nikitumia PHP au Python natakiwa kutoa kodi yangu bure kwa kila mtu? (kodi ya kompyuta sio ya TRA 😂) Maana kuna mtu chuoni ameniambia ukiuza mfumo wa chanzo huria unashtakiwa.

#6 dada_terminali

Mdogo wangu huyo mtu amekuchanganya. Lugha zote mbili ni chanzo huria, maana yake kodi ya lugha yenyewe iko wazi, unaweza kuisoma, kuibadilisha, kuisambaza. Python ina leseni yake ya PSF (taasisi inayoilinda), PHP ina yake, na zote haziigusi kazi yako. Unaandika mfumo, unauza, unaficha kodi, hamna anayekudai shilingi.

Pa kuangalia ni vile unavyojengea juu yake. Mfano WordPress (programu ya PHP ya kutengeneza tovuti) iko chini ya leseni ya GPL, na wenyewe wanasema pluginsi na themu unazosambaza zinafuata GPL hiyohiyo. Kwaiyo ukiuza pluginsi huwezi kumkataza mteja kuigawa. Lakini mfumo wako wa duka ulioandika mwenyewe kwa Laravel (fremuwaki ya PHP) au Django ni wako, leseni ya Laravel ni MIT na ya Django ni BSD, hao hawana shida na mtu.

#7 mzee_wa_Perl

Vijana shikamooni wenyewe kwa wenyewe, mimi nimeanza kabla ya hizo zote mbili kuwa na jina mjini.

Mleta mada umegusa penyewe bila kujua. Hizo tabia zinatoka kwenye kuzaliwa kwao. Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, hakukaa chini kutengeneza lugha. Alikuwa na ukurasa wake wa wavuti wenye wasifu wake, anataka kujua nani wanautazama, akaandika vijiprogramu kwa C, mwaka 1995 akavitoa hadharani kama Personal Home Page Tools. Yani kitu kizima kilizaliwa kwa ajili ya "mtu amefungua ukurasa, mpe ukurasa, basi". Baadae Zeev Suraski na Andi Gutmans kule Israel wakaandika upya injini, PHP 3 ikatoka 1998. Upande wa pili Guido van Rossum pale CWI Amsterdam alianza Python likizo ya krismasi 1989, toleo la kwanza likatoka 1991, na wavuti haikuwa hata mawazoni, yeye alitaka lugha ya kazi za kawaida za kompyuta, kati ya C na shell (lugha ya amri za terminali). Wavuti imekuja kuongezwa juu. Ndio maana hata leo Python inahitaji mtu wa katikati kama Gunicorn kuongea na seva wakati PHP imezaliwa mlangoni mwa seva.

Na kichekesho kingine. Mnajua kwanini majina ya fanksheni za PHP hayana mpangilio? Rasmus mwenyewe alishaeleza kwamba mwanzoni fanksheni zilipangwa kwenye jedwali kwa urefu wa jina, kwaiyo alikuwa anatafuta majina ya urefu tofautitofauti yasigongane. Ndo mkapata `htmlspecialchars`. Na `in_array` unaanza na sindano (unachotafuta) ndo rundo (unapotafuta), `strpos` unaanza na rundo ndo sindano. Miaka zaidi ya ishirini watu wanafungua mwongozo wa lugha kwa hilo tu.

#8 kisiwani_dev

Mzee heshima yako. Ila tusiwe tunaongelea PHP ya mwaka 2005 jamani. PHP 7 ilitoka desemba 2015 ikawa na kasi karibu mara mbili ya 5.6, PHP 8 ikatoka 2020 na vitu vizuri vingi, unaweka aina za data kwenye fanksheni (hilo lilianza kabla ya 8), ina match, ina enum tangu 8.1. Mtu anayeitukana PHP leo mara nyingi anatukana kitu alichokiona chuo mwaka wa kwanza.

Lile la zamani la `0 == "abc"` kuwa kweli? Kwenye 8 ni uongo, walishalirekebisha.

Na kwa kasi, kitanzi tupu cha hesabu (kurudia hesabu moja mara nyingi) PHP 8 inaiacha Python ya kawaida nyuma. Python inakimbia pale inapoita maktaba zilizoandikwa kwa C, kama NumPy.

#9 jirani_mkorofi

Python 4 life. PHP imekufa. Naondoka.

#10 mwana_eldoret

@jirani_mkorofi hiyo maiti ndio inaendesha Wikipedia na WordPress zote unafungua, ama hizo huingii? 😂 Wikipedia walihamia HHVM ya Facebook (injini nyingine ya kuendesha PHP) mwaka 2014, halafu 2019 wakarudi PHP 7, juu ilikua imeshika kasi na Facebook wenyewe washaenda na Hack yao, lugha waliyoitoa kwa PHP.

#11 msukuma_wa_data

Mimi nitatoa ushuhuda wa PHP, maana naona Python inasulubiwa peke yake.

Nilirithi mfumo wa hospitali ndogo, wa PHP 5, kila mahali `mysql_query` na majina yameunganishwa humohumo kwenye sentensi ya SQL (lugha ya kuagiza databesi). Sasa sisi huku majina yetu ni Ng'hili na Ng'hile. Kila mgonjwa mwenye Ng' akija kusajiliwa ukurasa unageuka mweupe, maana ile koma ya juu inafunga sentensi ya SQL katikati. Mnajua wale dada wa mapokezi walikuwa wanafanyaje? Walikuwa wanaandika "Nghili" bila alama, miaka minne, na hakuna aliyewahi kumwambia mtu wa mfumo. Nilipogundua nilicheka halafu nikaogopa, maana kama jina la babu wa watu linaweza kuvunja SQL basi mwenye nia mbaya anaweza kuchezea data za wagonjwa kutokea dirisha la mapokezi.

Hizo `mysql_` ziliondolewa kabisa kwenye PHP 7, na sasa unatumia PDO (njia ya PHP ya kuongea na databesi) unaandaa sentensi kwanza halafu unaipa thamani pembeni. Lakini mafunzo ya zamani bado yamejaa YouTube, na kijana anayeanza PHP leo akiangukia video ya 2011 anajifunza hayohayo. Hapo ndo Python inanifurahisha, ukitumia Django ORM (inakuandikia SQL yenyewe) unazaliwa ukiwa salama, inabidi ujitafutie matatizo mwenyewe.

#12 dada_terminali

Ujitafutie mwenyewe na watu wanajitafutia kweli. Nimeona kijana kaandika SQL kwa f-stringi (kubandika thamani moja kwa moja kwenye maandishi) ndani ya Python. Ng' ingemuangusha vilevile.

#13 salalah_boy

Asalaam aleykum. Mimi niko Oman, Muscat, natengeneza mifumo ya maduka, na wateja wangu wanataka Kiarabu na Kiingereza kwenye risiti moja. Hapa naomba niongee kuhusu herufi maana ndiyo iliyonitoa PHP.

Chukua jina محمد. Kwa Python 3 ukiuliza urefu wake `len` inakwambia 4, herufi nne. Kwa PHP `strlen` inakwambia 8, kwa sababu inahesabu baiti, na kila herufi pale ni baiti mbili. Lazima ukumbuke `mb_strlen`. Sasa siku nilisahau, nikatumia `substr` ya kawaida kukata jina la bidhaa litoshe kwenye risiti ya upana mdogo, ikakata herufi katikati, printa ikatoa alama za ajabu na mwenye duka akadhani nimemtukana.

Ukifuatilia historia inachekesha kwa sababu wote wawili waligonga ukuta uleule. Python waliamua kuumia, Python 3 ikatoka desemba 2008 na maandishi yote yakawa Unicode (mfumo wa herufi za lugha zote), kodi za zamani zikavunjika, dunia ikalia miaka kumi na moja mpaka Python 2 walipoizika rasmi tarehe 1 januari 2020. PHP nao walitaka kufanya hivyohivyo kwenye PHP 6, wakafanya kazi miaka, ikawashinda, mwaka 2010 wakaiacha, na hiyo namba 6 hawakuitumia tena, wakaruka kutoka 5 mpaka 7. Kwaiyo mmoja alichukua maumivu yake akapona na mwingine maumivu kawaachia watumiaji wayabebe kidogokidogo, kila mtu kwenye kona yake na `mb_` yake.

#14 fundi_kahama

@salalah_boy hii sikuijua kabisa, asante. Kumbe kuruka 6 kulikuwa na msiba.

#15 mgeni_wa_kodi

Sasa wakubwa mimi nianze na ipi jamani, mnanichanganya.

#16 mzee_wa_Perl

Perl.

#17 dada_terminali

Mzee tunakuheshimu ila hapana 😂

Mdogo wangu unataka kufanya nini? Kama unataka data, mashine kujifunza, hesabu, au hata kuandika vijiprogramu vya kupanga mafaili yako, Python bila kufikiri, maktaba za pandas, scikit-learn, PyTorch zote ziko huko na PHP hawana cha kushindana. Kama unataka hela ya haraka kwa wateja wa mtaani, tovuti za WordPress na mifumo midogo, PHP itakulisha mapema. Kama hujui unataka nini, anza Python kwa sababu maandishi yake yanasomeka na makosa yake yanaeleza. Na jamii ipo karibu, DjangoCon Africa (mkutano wa watu wa Django) ya kwanza ilifanyika Zanzibar novemba 2023, na ya 2025 ikawa Arusha. Unapanda basi tu.

#18 kisiwani_dev

Nilikuwepo hiyo ya Zanzibar, nusu ya watu niliokaa nao chakula cha mchana wanakula kwa WordPress na wanaongea Django 😂 sijasema majina.

#19 bwana_mwiko

Mnaosema "PHP inakufa kila rikwesti kwaiyo ni salama" mko nyuma kidogo. Mkishaingia Laravel na foleni (kazi zinazosubiri kufanywa nyuma ya pazia), ile `queue:work` ni prosesi inayokaa kama ya Python. Ukibadilisha kodi ukasahau `queue:restart` inaendelea kukimbiza kodi ya jana. Nimeshatuma meseji 600 za "ada imepokelewa" zenye jina la mwalimu mkuu aliyehamishwa, kwa sababu hiyo hiyo. Na ukitumia Octane (nyongeza ya Laravel) ndo kabisa, fremuwaki yote inakaa kwenye memori na matatizo ya mleta mada yanakuja na koti la PHP.

Kwa upande wa pili kufa kila mara nako kuna gharama. Kila mtu akibonyeza, PHP inafungua muunganisho wa databesi upya, inajenga fremuwaki nzima upya. OPcache imesaidia, ipo ndani tangu 5.5, haisomi na kukompaili faili upya kila mara. Ila kujenga bado kupo. Python inajenga mara moja asubuhi na inahudumia mpaka jioni.

Na mwajiriwa huyo akiwa mkubwa sana anakuwa na mambo yake. Instagram ambao wako kwenye Django walieleza mwaka 2017 kwamba walizima kabisa mkusanya taka wa Python (anayesafisha memori isiyotumika tena) kwenye seva zao, kwa sababu ulikuwa unavuruga memori ambayo prosesi zilikuwa zinachangia. Taka zikabaki na mambo yakawa mazuri zaidi. Sasa nyie mwenye SACCOS ya walimu mia mbili msiige hiyo.

#20 fundi_kahama

@bwana_mwiko hapo umenirekebisha vizuri, kumbe sio lugha, ni namna inavyoendeshwa. Nakubali. Ila kwa PHP ya mafaili ya kawaida, kile kifo kinakuja bure, hujakiomba. Kwa Python uhai ndo unakuja bure.

Halafu sijamalizia mkasa. Gunicorn haikubali Windows. Kwaiyo ile kompyuta yao niliifuta nikaweka Ubuntu. Printa ya risiti ikagoma, nikahangaika na draiva siku mbili. Halafu umeme ukakatika, uliporudi kompyuta ikawaka, mfumo haukuwaka, kwa sababu Gunicorn ilikuwa inawashwa kwa mkono kwenye terminali kila asubuhi, nilisahau kuiandikia huduma ya systemd (ya kuiwasha yenyewe). Ile XAMPP ya zamani Apache ilikuwa inaamka yenyewe umeme ukirudi, hakuna aliyewahi hata kujua jina lake.

Na kuna kijana wa stationari ya jirani ndo huwa wanamuita mimi nikiwa mbali. Zamani alikuwa anafungua faili la PHP kwa Notepad, anabadilisha riba kutoka 12 kwenda 10, anasevu, tayari, ameshaonekana shujaa. Sasa hivi anafungua anakuta Ubuntu, venv, migrations, settings.py, akabadilisha namba, hakurestart, ikabaki vilevile, akanipigia anasema "bro mfumo wako umeniroga".

#21 dada_terminali

Kijana wa stationari anabadilisha riba ya mikopo ya walimu kwa Notepad kwenye seva ya laivu. Na wewe unaona sawa.

#22 fundi_kahama

Dada sioni sawa, naona ndo ilivyo.

#23 mwana_eldoret

@dada_terminali huyo kijana yuko kila mahali. Mimi wangu ni wa cyber. Na ukweli wa mambo mi huandika mfumo nikimfikiria yeye, sio ile timu ya developa kumi naona kwa video. Kama siku moja nitahama ama niugue, nani ataweka mkono? Kama ni yeye, basi nampa kitu anaweza fungua. Lakini riba weka kwa databesi bana, na ukurasa wa mipangilio, na nani alibadilisha na saa ngapi. Usimwachie faili.

#24 msukuma_wa_data

Na hesabu za riba angalieni. `0.1 + 0.2` Python inakuonyesha wazi 0.30000000000000004, PHP ukifanya `echo` inakuonyesha 0.3 safi, mpaka utumie `var_dump` ndo unaona ni uchafu uleule. PHP imekuficha kwa adabu. Kwa hela tumia Decimal kwenye Python, au kwenye PHP tunza namba nzima au tumia bcmath (maktaba ya hesabu kamili). Nimeona SACCOS imekosa ulinganifu wa shilingi kadhaa na mkaguzi akakataa kusaini, shilingi kadhaa tu.

#25 kisiwani_dev

Swali la pembeni, nani analinda hizi lugha kesho? Maana Guido alijiuzulu uongozi julai 2018 baada ya ugomvi wa ile alama ya `:=`, watu wakadhani Python imeisha.

#26 mzee_wa_Perl

Haikuisha, wakachagua baraza la watu watano tangu 2019 na wanachaguliwa kwa kura. PHP ndo ilikuwa inatisha zaidi. Nikita Popov, kijana aliyekuwa amebeba kazi kubwa sana ya injini, aliposema anahamia LLVM (mradi wa kutengeneza vikompaila) mwishoni mwa 2021 watu wakagundua waliobaki wanaoelewa ndani kabisa wanahesabika kwa vidole. Ndo novemba ileile wakaanzisha PHP Foundation ichangiwe hela kulipa watu. Sehemu kubwa ya wavuti ilikuwa imekaa mabegani mwa watu wachache kiasi hicho, na sisi tunabishana dola na semikoloni.

#27 fundi_kahama

Wakuu nimerudi baada ya wiki tatu, nilisema nitaleta mrejesho.

Nimefanya hivi. Dirisha la mhasibu, yani kusajili, kuweka akiba, kurejesha, kuprinti risiti, nimelirudisha PHP, ila 8 sasa, na PDO kila mahali (msukuma umeniogopesha na Ng'), hela natunza namba nzima, riba imeingia kwenye databesi na ukurasa wake na kumbukumbu ya nani kabadilisha. Windows imerudi, XAMPP imerudi, printa ikatambulika yenyewe kama haijawahi kugombana na mtu. Imenichukua siku kumi na moja kwa sababu safari hii nilikuwa najua ninachoandika, na databesi ni ileile MySQL sikugusa data.

Python sijaitupa. Ile kazi ya mwisho wa mwezi, ya kupitia mikopo yote, kupanga wanaochelewa kwa siku 30, 60, 90 na kutoa Excel ya bodi, kwa PHP ilikuwa fanksheni ya mistari mia nne inachosha macho, kwa pandas ni kama sitini na mhasibu mwenyewe akiisoma anaelewa maneno. Inawashwa na ratiba ya Windows saa kumi na moja jioni kabla hawajazima, inasoma, inaandika faili, inakufa. Yani Python nayo nimeigeuza kibarua wa siku.

#28 dada_terminali

Safi kaka. Nilitaka kukubishia ila sina pa kushika. Backup?

#29 fundi_kahama

Backup ipo dada, flashi mbili na moja ya mtandaoni, hapo nimejifunza zamani kwa machozi.

Halafu kijana wa stationari jana amenitumia picha. Kaingia ukurasa wa mipangilio mwenyewe, kabadilisha kichwa cha risiti, hajanipigia hata simu. Kaandika RISTI YA MAREJESHO. Walimu karibu themanini wameshaondoka nazo.